Sabuni na Kizibo

Msomaji, ubaya mkubwa huonekana na kila mtu, na kwa hiyo huogopwa na kila mtu. Ubaya mdogo hudharauliwa, na kwa kuwa hudharauliwa hupata nafasi ya kukua. Insha hii yataka kupima ubaya wa tone moja la petroli, na kuuliza swali hili: fundi aliyelizuia tone hilo kwa siku moja, akapokea ujira wa kazi ya mwaka, ametenda nini?

Chini ya tangi la pikipiki ya kale pana bilula ndogo. Kazi yake ni kuiruhusu petroli kuteremka katika kabureta wakati wa safari, na kuizuia wakati wa mapumziko. Katika pikipiki nyingi zilizoundwa Uingereza zamani, kama BSA na Matchless, moyo wa bilula hiyo ulikuwa kizibo cha gome la mti, gome lile lile lizibalo chupa za mvinyo. Kizibo hicho huvimba kikiloa, na husinyaa kikikauka. Pikipiki ikisimama ghalani miezi mingi bila petroli, kizibo hukauka. Siku itiwapo petroli tena, bilula huvuja. Pikipiki zilizokuja baadaye kutoka Japani zilitumia mpira mahali pa kizibo, lakini mpira nao huzeeka, ukawa mgumu na kupasuka. Vifaa ni mbalimbali, ugonjwa ni mmoja.

Dawa yake haina siri. Petroli yote humiminwa katika chombo safi, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Bilula hufunguliwa. Kizibo kilichosinyaa hutiwa katika maji ya moto mpaka kivimbe tena. Kilichokatika hutupwa, kikatiwa kipya. Kutu na mchanga husafishwa, bilula hurudishwa mahali pake na kujaribiwa. Ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko ya nguvu. Walakini iko dawa nyingine iliyo rahisi, nayo ni kipande cha sabuni.

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaijua dawa hiyo. Tangi au kiungo cha bilula kikivuja njiani, sabuni hukandwa kwa vidole na kupakwa juu ya ufa. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo tone hukoma. Tuseme kijana ametoka Maua na mzigo, anakwenda Nkubu, na machweo yamemkuta Kaaga. Sabuni itamfikisha kwake, na si haki kuitukana. Lakini sabuni ishindayo petroli hushindwa na maji, na katika nchi ya Meru, penye mvua za masika na za vuli, maji hayaombi ruhusa ya kunyesha.

Sasa mfikiri fundi aliyeletewa pikipiki asubuhi na kuombwa aitengeneze bilula. Akapaka sabuni mahali pasipoonekana, akapangusa mafuta, akapokea fedha, akanyamaza. Mwenye pikipiki hakuuliza, na fundi hakujibu. Je, fundi alisema uongo? Wako watakaosema hapana, kwa sababu uongo ni neno, naye hakutamka neno. Mimi nasema bei aliyotaja ilikuwa neno. Mtu akipokea ujira wa kizibo kipya, mkono wake unaopokea fedha unatamka kwamba kizibo kipya kimo ndani. Sabuni haikudanganya, maana sabuni haijidai kuwa kizibo. Kilichodanganya ni kimya.

Mwingine atamtetea fundi kwa kusema kwamba mteja alikuwa maskini, na kazi kamili ingemshinda bei. Utetezi huu una huruma, lakini huruma yake imepotea njia. Umaskini wa mteja waweza kupunguza bei. Hauwezi kupunguza haki yake ya kujua. Fundi mwenye huruma angesema, "Ndugu yangu, fedha zako zatosha sabuni tu. Itakufikisha nyumbani, lakini mvua itaiondoa. Usilale na pikipiki hii chumbani." Kwa maneno hayo machache sabuni ingekuwa msaada. Bila maneno hayo ni mtego.

Lakini, msomaji, tusidhani kwamba kusema kweli kumemaliza deni. Tuseme mwenye pikipiki ameambiwa yote, akaridhika, akachukua hatari yake. Je, hatari hiyo ni yake peke yake? Kaaga ni mahali pa elimu. Wamethodisti walifungua misheni hapo mwaka 1912, na leo pana shule za sekondari na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya. Mahali penye wanafunzi wengi pana vyumba vya kupanga vilivyobanana ukuta kwa ukuta, na mwenye pikipiki, kwa kuogopa wezi, huiingiza ndani usiku. Bilula itonayo mara moja kila nukta hutoa matone 86,400 kwa siku, na matone hayo yakikusanywa huzidi lita moja. Haba na haba hujaza kibaba cha ubaya kama ijazavyo cha wema. Petroli hutoa mvuke ushikao moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kupita chini ya mlango. Jirani apikaye chai upande wa pili hakuulizwa kama ameridhika.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana Nairobi tarehe 12 Septemba 2011. Petroli iliyovuja katika bomba ilifika mtaa wa Sinai, ikashika moto, na watu wapatao 100 walikufa. Walikuwako waliokwenda kuichota, na walikuwako waliokuwa majumbani mwao tu. Bomba la taifa na bilula ya pikipiki havilingani kwa ukubwa, lakini petroli ni ile ile, na moto haumtafuti aliyekosa kabla ya kuunguza.

Kwa hiyo ridhaa ya mwenye mali humwondolea fundi lawama ya udanganyifu, lakini haimwondolei lawama ya madhara. Fundi ana deni kwa mteja, nalo hulipwa kwa kweli. Ana deni kwa jirani asiyemjua, nalo hulipwa kwa kazi iliyo sawa tu. Atakaposema, "Si mimi niliyewasha kiberiti," atakuwa amesema kweli isiyomsaidia. Aliyewasha kiberiti aliwasha jiko lake kama alivyofanya kila siku. Fundi ndiye aliyeligeuza jiko hilo kuwa hatari.

Wala mwenye pikipiki asijione mwamuzi katika kesi isiyomhusu. Bilula nzuri kupita zote haifungi yenyewe. Fundi aweza kutia kizibo kipya, lakini hawezi kuja kila jioni kukifunga. Mtu aiachaye bilula wazi usiku kucha, kisha akamlaumu fundi asubuhi, afanana na mtu alaye njaa karibu na ghala lake kwa uvivu wa kufungua mlango.

Yamkini wewe, msomaji, hutakuwa fundi wa pikipiki. Utakuwa mwalimu, mwuguzi, karani au mjenzi. Katika kila kazi ipo sabuni yake na kizibo chake, na mara nyingi wewe peke yako utajua ni kipi ulichotumia. Mafundi wema hawaachi jambo hili liamuliwe na maneno. Wakimaliza kazi hujaza tangi, hufunga bilula, huweka karatasi kavu chini yake, kisha huketi na kungoja saa nzima mbele ya mwenye mali. Karatasi ikibaki kavu, hupokea ujira wao. Ikilowa, huchukua spana na kuanza tena.