Nani Anafanya Kazi Tunapopumzika?

Kila tunapopanga kambi ya Watafuta Njia hapa Unguja, swali lile lile hurudi: Sabato alasiri twende Jozani? Msitu ule, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, una kima punju, wanyama wa Zanzibar tu. Mtoto akimwona kima amembeba mwanawe, hahitaji mahubiri marefu juu ya Muumbaji.

Wengi hujibu: tulipe kiingilio Ijumaa, yaishe. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini amri ya nne (Kutoka 20:10) inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango. Risiti ya Ijumaa haimpumzishi mwongozaji anayetembea nasi Jumamosi. “Yeye si Mwadventista,” tunaambiwa, “angekuwa kazini hata tusingekwenda.” Ni kweli, ila mgeni wa Kutoka naye hakuwa Mwisraeli.

Basi nilishauri Jozani iwe Jumapili, na Sabato tutembee ufukweni karibu na kambi. Vijana walinung’unika kidogo. Kisha binti mmoja akauliza: “Na akina mama wanaotupakulia na kuosha vyombo hapa kambini, Mwalimu, wao wanapumzika lini?”

Darasa lenu lingemjibu nini?