Jino Likinyamaza

Somo: 2 Wafalme 20:1–7

Mfalme Hezekia aliugua jipu, hali ikawa mbaya mpaka Isaya akamletea ujumbe wa kutengeneza mambo ya nyumba yake. Akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Nabii hajafika mbali akarudishwa: maombi yamesikiwa, mfalme ameongezewa miaka 15. Hapo tumehubiri sana. Mstari wa saba tunaupita mbio. Ndani yake Isaya, aliyetoka kuitamka ahadi sasa hivi, anaagiza tini ziletwe. Zikawekwa juu ya jipu, mfalme akapona.

Nimeukumbuka mstari huo kwa ajili ya shuhuda za meno. Mpendwa anasimama mbele, Bwana asifiwe: wiki nzima hakulala, gego linapwita, tukamwombea, na usiku ule ule maumivu yakakatika. Vigelegele. Mimi nashangilia pamoja nanyi, lakini jicho langu liko kwenye shavu lake. Sina shaka kwamba Mungu huponya. Shaka yangu ni juu ya kipimo tulichotumia kumtangaza mtu kuwa amepona.

Tundu la jino likichimba hadi kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu, vijidudu huingia na kiini huvimba mahali pasipotanuka. Hizo ndizo siku za kuzunguka chumbani usiku, kanga imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, na hata chai ya vuguvugu haigusiki. Kisha kiini hufa. Kikishakufa hakisikii tena moto wala baridi, na mtu hulala usingizi kama mtoto. Vijidudu havijafa. Vinatokea kwenye ncha ya mzizi, vinaingia kwenye mfupa wa taya, na usaha unaanza kujikusanya kimyakimya. Baada ya wiki au miezi, jino hilo hilo ukilibana na mwenzake linauma utadhani limerefuka. Ufizi unavimba, shavu linajaa upande mmoja, pengine na homa. Au kinatokea kipele kwenye ufizi, kinapasuka, mdomo unajaa uchungu na harufu mbaya, na nafuu inarudi. Hapo tunapata ushuhuda wa pili, na kipele kinajaa tena.

Wakati unatafuta nauli ya kwenda kwa daktari wa meno, sukutua kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, kisha uteme. Meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe kwa hasira. Ukilala, inua kichwa kwa mito. Karafuu haina ubaya. Mafuta yake hutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe wameyatumia miaka mingi, ila usaha hayautoi. Aspirini kuibandika kwenye ufizi inaunguza nyama. Wanaodondoshea maji ya betri kwenye tundu, nawasihi waache leo hii. Na usikamue jipu wala kulitoboa kwa sindano ya cherehani.

Vidonge vichache vya amoksilini vya kununua bila cheti navyo ni namna nyingine ya kununua kimya. Dawa hiyo husafiri kwa damu, na jino lililokufa halipiti damu ndani. Daktari anaweza kukuandikia kwa sababu zake, lakini bado usaha utatakiwa utolewe: ufizi upasuliwe, au mzizi usafishwe na kuzibwa, au jino ling'olewe.

Najua kinachowarudisha watu nyumbani ni pesa na hofu ya koleo. Kung'oa ni nafuu kuliko kusafisha mzizi, ndiyo maana wengi wa rika langu tunatafuna upande mmoja. Wazee wa kanisa, kwenye misiba tunachanga bila kuombwa mara mbili. Mfuko wa diakonia hauoni aibu kulipia jino.

Liko jambo moja lisilongoja mfuko wala kikao. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukainuka, mate hayamezeki, mdomo haufunguki, sauti inabadilika au pumzi inabana, ni hospitali usiku huo huo. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo mara nyingi huanzia kwenye gego bovu la chini. Huua kwa kuziba njia ya hewa, na unaweza kwenda kasi kuliko mnavyodhani. Mgonjwa wa namna hiyo msimlete kwanza kanisani awekewe mikono. Mpakieni kwenye bajaji, mnipigie mkiwa njiani, nami nitaomba kwenye simu.