Kiraka Kinachokunywa

Nimeshona nguo Kangemi miaka 31, na kiraka nakijua. Unakata kitambaa, unakunja pindo, unapitisha cherehani, basi. Kitambaa hakiulizi kimeletwa wapi.

Kisha bodaboda ikanigonga muundi. Kwa kisukari changu, kidonda kilichimbika hadi mfupani, na mfupa mtupu haushiki kiraka cha ngozi, hauna cha kukinywesha. Daktari akasema watachota nyama pajani pamoja na mishipa yake, wa kuleta damu na wa kuirudisha, waiunge na ya mguuni chini ya hadubini. Nikaomba kuuona uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Mimi fundi nikanyamaza.

Zamani, akanisimulia, nyama iliachwa ikining'inia kwenye shina lake wiki kadhaa mpaka makao mapya yaikubali. Ndivyo mpasuaji Harold Gillies alivyowatengeneza askari wa Uingereza mwaka 1917. Archibald McIndoe, binamu yake aliyejifunza kwake, ni mmoja wa wapasuaji watatu walioanzisha shirika la afya la AMREF mwaka 1957.

"Mzee, unavuta?" akaniuliza. Nilivuta tangu ujana. Kati ya mishipa mitatu inayoshuka mguuni, mmoja tu ulikuwa mzima. Kisukari huiziba, nikotini huibana. Nikakumbuka mfereji wa ploti yetu: bwawa la Ndakaini limejaa maji, nasi tunapanga mitungi, kumbe bomba la langoni ndilo limeshika kutu. Miezi sita niliomba uponyaji katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, fundi mwenzangu, nikizima sigara mlangoni. Nilikuwa namlaumu mwenye bwawa.

Tunapoomba kuponywa, basi, tunaomba nini? Nilidhani tunaomba kupewa.

Niliacha sigara, wakashona. Usiku kucha, kila saa, sista alikuja na tochi, akabonyeza ile nyama, akasubiri rangi irudi.

"Unaogopa nini?" nikamwuliza.

"Ikipauka, baba, damu haiingii. Ikigeuka zambarau, imeingia lakini haitoki. Zote mbili huua nyama, na hii ya pili ndiyo tunayoiona zaidi."

Hapo usingizi ukaniruka. Nyama inaweza kufa imeshiba damu! Wala haikunyimwa, ilipokea, ikashindwa kurudisha. Nikawaza vijana wangu wawili wa dukani. Miaka minne wanapiga pasi na kushona vifungo. Kukata suti sijawafundisha, nikihofia watafungua duka ng'ambo ya Waiyaki Way. Ujuzi huo nami nilipewa bure na mzee mmoja wa River Road. Uliingia kwangu, ukakwama.

Waumini wenzangu huniuliza ni Mungu aliyeniponya au ni daktari. Daktari mwenyewe husema yeye alishona tu, kazi nyingine ikafanywa na damu. Mimi naamini neema ni ya Mungu, ila njia yake hupita kwetu, na wajibu wetu ni kutoiziba: pa kuingilia wala pa kutokea.

Jumatatu niliporudi dukani kwa magongo, nilimkabidhi mkubwa wao mkasi na mita tatu za kitambaa cha suti. Akakata mkono mmoja kombo. Nikamwambia akate mwingine.