Je, Motokaa Kuukuu Ikitengenezwa Yabaki Ile Ile?

Hapa kwetu Ulyankulu yuko mwalimu mwenzangu aliyenunua motokaa kuukuu ya aina ya Peugeot 404. Aliikuta Tabora chini ya mwembe, magurudumu yamezama mchangani, na kuku walikuwa wakitaga juu ya kiti cha nyuma. Sisi tulimcheka, lakini yeye alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mtoto, baba yake alizoea kumsimulia habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, na jinsi Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania, pamoja na mwenziwe Chris Rothwell, walivyoshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa motokaa ya namna hiyo. Kwa umbo si ya mbio kama Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973; hii ina milango minne, na mkono wa gia uko penye usukani. Walakini ilizishinda nyingine katika matope na vumbi letu.

Fundi alipofungua injini aliona imelika sana. Akasema, “Mwalimu, itoe hii, nikutilie ya Toyota, vipuri vyake vyapatikana kila duka.” Mwenzangu akahuzunika, akaniuliza, “Nikiitoa injini, nikabadili na viti na rangi, nitakuwa nimenunua nini?”

Swali hili si la motokaa tu. Katika ziwa la Tanganyika iko meli Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku, ikapita Tabora kwa reli hata Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikatolewa, zikatiwa za dizeli. Basi, ni meli ile ile? Wenyeji wa Kigoma husema ndiyo, nami nakubaliana nao. Maana hakuna aliyefichwa habari zake, na kila aliyepanda aliweza kusimuliwa. Kwa hiyo nilimjibu mwenzangu kwamba chuma kikibadilika si dhambi. Neno kubwa ni lile atakalowaambia watu.

Tuligombana kwa jambo jingine. Yeye alitaka breki zibaki za ngoma magurudumu yote manne, kama kiwanda kilivyofanya zamani, na mikanda ya viti hakuitaka kabisa, kwa kuwa motokaa haikuja nayo. Hapo nilikasirika. Mtu akitaka kuwa mtumishi wa vitu vya kale, na awe hivyo akiwa peke yake. Lakini siku ya mgonjwa kupelekwa Tabora usiku, mgonjwa hakuchagua ukale. Baada ya wiki mbili akatia breki za diski mbele, na mikanda mitano. Injini akaitengeneza ile ya asili, kwa gharama iliyomtia deni.

Basi likaja jaribu. Fundi alimshauri aandike namba kubwa ya mashindano milangoni, nao watu watadhani wenyewe. “Wewe husemi uongo,” akasema, “unapaka rangi tu.” Akaja tajiri mmoja kutoka Mwanza, akaizunguka motokaa, akauliza kama ndiyo mojawapo ya zile za Safari. Akataja fedha ambazo zingelipa deni lote, na ada ya chuo ya binti wa mwenzangu, na bado zikabaki. Mwenzangu akaingia ndani, akatoka na daftari alimoandika kila kitu alichobadilisha, na kila kitu asichokijua juu ya motokaa ile. Yule tajiri akasoma, akacheka, akataja nusu ya bei. Mwenzangu akakataa, naye akaenda zake.

Jioni mzee mmoja alimkaripia barazani: “Hata namba hukuandika. Ungenyamaza tu!” Wengi walikubali. Mimi naona kwamba aulizwaye akanyamaza ili mwenziwe azidi kudanganyika, amesema kwa kinywa kilichofungwa. Lakini sitaki kulifanya jambo hili kuwa jepesi, kwa maana aliyelipa unyofu huo si mwenzangu peke yake. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima, akichambua tumbaku, na wenzake wakiwa chuoni. Je, baba ana haki ya kuwa mkweli kwa fedha za mtoto? Nimelifikiri sana. Nadhani ndiyo, kwa kuwa fedha zile hazikuwa za mtoto. Zilikuwa za tajiri wa Mwanza. Hata hivyo kusema hivi ni rahisi kwangu, mimi nisiye na deni.

Binti alikwenda chuoni baada ya mauzo ya tumbaku ya mwaka uliofuata, na baba yake ndiye aliyempeleka kwa motokaa ile mpaka stesheni ya Tabora. Kama amemsamehe, sijui. Sijamwuliza.