Lete Nikupakatie

Mwaka jana, binti yangu alipokuwa na miezi 23, alipenda mabasi kuliko kitu chochote duniani, mimi nikiwemo. Tulikuwa Soni kwa mama yangu, likizo ya Julai, majira ambayo mtoto wa Dar es Salaam anavalishwa sweta juu ya sweta mpaka mikono haishuki. Siku ya tatu alikuwa ameshawachoka kuku na mbuzi. Akawa anasimama mlangoni na kusema neno moja: "Basi." Nikambeba, tukateremka hadi Mombo, kwenye barabara kuu, kwenda kuangalia mabasi.

Safari yenyewe ndiyo hiyo. Hatukuwa na shughuli nyingine. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai, akala chapati nusu, nusu nyingine akaipaka kwenye suruali yangu, na kila basi la Arusha au Dar lililopita alilipungia mkono. Asiyewahi kulea atasema niliipoteza siku. Mimi naihesabu miongoni mwa siku zangu nzuri, hadi kufikia saa tisa alasiri.

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za kupanda, na Soni iko katikati. Ni barabara nyembamba yenye kona nyingi, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Coaster tuliyopanda ilikuwa imejaa kabla hatujaingia. Nilisimama karibu na mlango, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umemshika mtoto aliyekwisha kuanza kusinzia. Kona ya kwanza tu, sauti ikatoka siti ya tatu: "Baba, lete nikupakatie."

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge mabegani. Mtoto akapitishwa juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, akafika mapajani mwake na kulala moja kwa moja. Sikufikiri lolote. Nimekua kwenye barabara hiyo, na mimi mwenyewe nimelala kwenye mapaja ya watu wengi nisiowajua.

Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Lakini ukisema "nikupakatie", hilo tayari ni jambo la watu wawili. Mtoto anabaki kuwa wako, kinachohama ni uzito.

Tulipofika Soni, njia ya katikati ilikuwa imezibwa na magunia na watu. Nikafanya kile ambacho watu hufanya: nikashuka mimi kwanza, nizunguke nimpokee mtoto dirishani. Wauza matunda walikuwa wameshalizunguka gari na mabeseni yao. Nyuma yetu gari jingine lilikuwa linapiga honi. Konda, ambaye aliona abiria wa Soni ameshuka na hesabu yake imekamilika, akagonga bodi mara mbili. Gari likaondoka.

Nilikimbia. Nilipiga kelele ambazo mtu hadhani zimo ndani yake. Coaster ikakata kona kuelekea Lushoto ikiwa na binti yangu ndani, mikononi mwa mtu ambaye sikumjua hata jina.

Kijana wa bodaboda hakuuliza bei wala maelezo. "Panda, kaka," alisema.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, ambaye mwaka 1976 aliandika makala kuhusu bahati na maadili, akimjibu Mwingereza Bernard Williams. Niliisoma chuoni, nikaandikia insha, nikapata alama ya wastani. Humo kuna mfano wa mzazi aliyeacha maji yakitiririka kwenye bafu huku mtoto mchanga yumo. Anapokimbia kupanda ngazi, anajua kwamba mtoto akiwa amezama, yeye ametenda jambo la kutisha. Mtoto akiwa salama, basi alikuwa mzembe tu. Kitendo ni kilekile na moyo ni uleule. Hukumu iko juu ya ngazi inamsubiri, na yeye hana tena mkono katika kuiandika.

Juu ya ile bodaboda niliuelewa mfano huo vizuri kuliko nilivyouelewa chuoni. Nilijiona nimegawanyika. Kulikuwa na baba ambaye jioni angesimulia kisa cha kuchekesha kuhusu ukarimu wa watu wa kwao. Kulikuwa na mwingine ambaye angeulizwa maisha yake yote kwa nini alimpa mtu asiyemjua mtoto wake. Wote wawili walikuwa wamepanda pikipiki moja, na sikuwa na njia ya kujua ni yupi ningeshuka nikiwa yeye.

Tulimkuta baada ya kona kadhaa. Amesimama kando ya barabara, mtoto kamfunika kitenge chake. Coaster haikuwepo. Dereva alikuwa amekataa kurudi na amekataa kungoja, akisema nitawafuata Lushoto, hivyo yeye akaamua kushuka. Gunia lake la viazi lilikuwa juu ya keria, limeendelea na safari. Binti yangu alikuwa macho, anaitazama barabara. "Basi imeenda," aliniambia, kwa masikitiko makubwa.

Nilishindwa kusema. Yule mama akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake aliyerudi nyumbani na nguo zimechanika. "Nilijua utakuja," alisema. "Ungenikosa hapa ungeanza kunitafuta mji mzima."

Nikataka kumpa pesa. Akakataa. Nikazidi kumshikilia, akachukua nauli ya kufika Lushoto na si zaidi, akaondoka na gari dogo lililopita. Kama gunia lake alilikuta, sijui hadi leo.

Nyumbani nilihukumiwa mara mbili, na hukumu zenyewe hazikufanana.

Mke wangu, ambaye amekulia Dar, alisikiliza hadi mwisho huku amembana mtoto kifuani. Kisha akasema, "Ulimpa mtu usiyemjua." Hakupaza sauti. Alisema kwamba mambo kuishia vizuri hakunisafishi, kwa sababu wakati natoa mtoto sikujua yataishaje. Simlaumu. Simu zetu zimejaa taarifa za watoto waliopotea, za kweli na za uongo zimechanganyika, na hakuna mzazi anayeweza kukaa kuzichambua moja moja akiwa na mtoto mkononi.

Mama yangu aliuliza swali jingine. "Ni wa wapi huyo?" Nikasema sijui. "Anaitwa nani?" Sijui. Akaacha kuchambua mboga. "Mtu kakupakatia mtoto njia nzima, hukumuuliza hata jina lake?"

Swali la mama ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimejiandaa kuitetea desturi yetu mbele ya mke wangu, kumwambia kwamba huku tunaaminiana. Mama akanionyesha kwamba sikuifuata desturi hiyo. Katika ujana wake, kumpa mtu mtoto ilikuwa sehemu ya mazungumzo marefu. Salamu za Kisambaa si za haraka, na kabla hazijaisha umeshajua huyu ni wa upande wa Bumbuli au wa Vuga, ameolewa na nani, anamfahamu mjomba wako au la. Mtoto alikuwa anapita kwenye uzi uliokwisha kushonwa. Mimi nilichukua nusu ya mlimani, ile ya kutoa mtoto bila wasiwasi, nikaiunganisha na nusu ya mjini, ile ya kutomuuliza jirani wa siti jambo lolote. Huo mchanganyiko sidhani una mila yoyote ya kuulinda.

Hata hivyo, mfano wa Nagel nao siku hizi unanipa shida. Ndani ya lile bafu kuna maji tu, na maji hayaamui kitu. Yule mzazi akimkuta mtoto mzima, ameponea kwenye bahati. Mimi sikuponea kwenye bahati, au tuseme kilichoonekana kwangu kuwa bahati kilikuwa uamuzi wa mtu. Alipima gunia la viazi na mtoto wa mtu asiyemjua, akagombana na dereva, akashuka. Nikiliita jambo hilo bahati, namfanya awe kama hali ya hewa. Na nikiliita kuaminiana, najipa sifa ambayo ni yake.

Annette Baier, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand, aliandika mwaka 1986 kwamba kumwamini mtu ni kumwachia nafasi ya kukudhuru katika kitu unachokithamini. Aliwalaumu pia wakubwa wa falsafa ya maadili, karibu wote wanaume, kwa kushughulika mno na mikataba ya watu wenye nguvu sawa na kusahau jinsi mtoto mchanga anavyoamini. Ningeongeza kwamba mwachiwa naye anabebeshwa. Nilipompa yule mama mtoto, nilimpa pia jukumu ambalo gharama yake hatukuijua sote wawili. Alijitolea mapaja yake kwa nusu saa. Hakujitolea gunia. Na aliyeamini kuliko sisi wote alikuwa amelala, hakuna aliyemuuliza.

Sijapata jibu la kumpa mke wangu. Nakubali kwamba nilikosea, na kila ninapotaka kutaja kosa lenyewe, mkono unaenda kwenye kushuka kwanza, au kwenye jina nisilouliza, haufiki kwenye kutoa mtoto. Yeye anasema huko ndiko ungepaswa kufika.

Wiki iliyofuata tuliondoka. Coaster ya kuteremka Mombo ilikuwa imejaa kama kawaida, ila safari hii tulipata siti mbili. Mke wangu alikaa dirishani, mtoto mapajani, mikanda ya begi lake ameizungusha mkononi mara mbili. Karibu na mimi alisimama binti mdogo, labda miaka 20, mgongoni ana mtoto mchanga, mkono mmoja bombani, kila kona anayumba. Nilitaka kumwachia siti, lakini magunia yalikuwa yamenibana magoti hata kusimama siwezi. Nikamsalimu. Nikamuuliza anatokea wapi, akasema Soni. Nikamwambia jina langu na la mama yangu.

"Lete nikupakatie," nikasema.

Alinitazama. Akamtazama mke wangu, akamtazama binti yangu.

"Asante, kaka," alisema. "Tunashuka hapo mbele tu."

Walishuka nasi Mombo.