Je, Silaha Yaweza Kuwa Kitu cha Mchezo?



Leo tutazame swali ambalo kwa masikio yetu lasikika geni: Je, silaha yaweza kuwa kitu cha mchezo? Na ikiwa yaweza, mtu mwenye dhamiri njema aichague namna gani?

Kwetu mashariki ya Kongo, ambako tangu mwaka 1996 vita vimefuatana kama mvua, neno «bunduki» halimkumbushi mtu furaha. Lamkumbusha mlango uliovunjwa usiku, shamba lililoachwa, ndugu asiyerudi. Basi tukisikia kwamba katika nchi nyingine watu huingia dukani na kuuliza bunduki iliyo rahisi na yenye kufurahisha, moyo wetu wajibu upesi: Watu hao ni wapumbavu, au ni wabaya. Lakini moyo ukijibu upesi, akili haijasema bado. Tuipe akili nafasi yake.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Marekani, na pia katika nchi kadhaa za Ulaya, wako watu wengi ambao siku ya mapumziko hutoka pamoja na jamaa zao, husimamisha makopo matupu mbele ya kilima cha udongo, kisha huyalenga moja moja. Kopo likianguka, wanacheka. Lisipoanguka, wanacheka zaidi. Hawawindi, maana hakuna mnyama. Hawajifunzi vita, maana hakuna adui. Wala hawashindanii tuzo. Furaha yao ni hiyo tu: jicho, mkono na pumzi vimepatana, na kitu kidogo kilichokuwa mbali kimeguswa.

Mchezo huo si wa jana. Mnamo mwaka 1845, Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo sana, isiyo na nguvu nyingi, ili watu waweze kulenga shabaha hata ndani ya nyumba. Mwaka 1887 ilitokea Marekani risasi iitwayo .22 Long Rifle, yenye upana wa milimeta 5.6, ambayo hata leo ndiyo risasi ya mchezo kuliko zote. Mwaka 1914 kiwanda cha Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji, kilianza kutengeneza bunduki nyepesi ya risasi hiyo. Aliyeibuni alikuwa Mmarekani John Moses Browning, ambaye alifariki katika kiwanda hichohicho mwaka 1926. Mtu yuleyule alibuni pia silaha za vita zilizoenea duniani kote. Tulishike jambo hilo: kichwa kimoja kilibuni chombo cha kuua na chombo cha kuangushia makopo.

Sasa tuulize: Je, mchezo wenyewe ni jambo jema? Wengine hudhani kwamba mtu mwema hachezi. Sivyo. Aristotle, mwalimu wa kale wa Wayunani, alifundisha kwamba mtu hucheza ili apate nguvu ya kufanya mambo ya maana, na kwamba kujua kucheza kwa kiasi ni fadhila. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea fundisho hilo, akalieleza kwa hadithi iliyotoka kwa wazee wa zamani. Watu fulani walichukizwa walipomwona Mtume Yohane akicheza na wafuasi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga, akaambiwa apige tena, na tena. Kisha Yohane akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu, akasema Yohane: isipolegezwa kamwe, huvunjika.

Angalieni, wasomaji: hadithi inayotetea mchezo imetumia silaha kama mfano wake. Kwa hiyo tusiseme kwamba kulenga shabaha ni kubaya kwa asili yake. Aliyemwona mtoto akirusha jiwe alipige embe bivu ajua kwamba hamu ya kulenga tumezaliwa nayo. Ubaya, kama upo, waingia kwa mlango mwingine. Na mlango huo tutauona tukichunguza maneno mawili ambayo mnunuzi hutamka dukani: «rahisi» na «yenye kufurahisha».

Tuanze na «rahisi». Risasi ya .22 ni rahisi kwa sababu zinazojulikana. Ganda lake ni jembamba. Dawa ya kuwashia imetiwa katika ukingo wa kitako chake. Baruti yake ni kidogo. Na uzito wa risasi yenyewe ni gramu 2.6 hivi. Ikiisha kupigwa, ganda hutupwa. Ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida aweza kupiga mara mia mchana mmoja bila kufilisika. Rahisi zaidi ni bunduki ya upepo, isiyotumia baruti hata chembe. Aina moja ina springi ndani yake: mchezaji huivuta na kuikaza kwa mkono, akifyatua, springi husukuma hewa, na hewa husukuma kipande kidogo cha risasi chenye upana wa milimeta 4.5.

Lakini wazee wetu wasema: Rahisi huvunja upishi. Bei iliyoandikwa dukani si bei yote. Mnunuzi mwenye akili huhesabu pia miwani ya kukinga macho na vifuniko vya masikio. Huhesabu kabati la chuma lenye kufuli, na kufuli nyingine kwa ajili ya risasi, zikae mbali na bunduki. Huhesabu udongo wa kutosha nyuma ya shabaha, na maji na sabuni za kunawa mikono, kwa sababu madini ya risasi ni sumu, nayo hudhuru watoto kuliko watu wazima. Mtu awezaye kulipia bunduki lakini hawezi kulipia hayo, huyo hajaweza kuinunua bunduki. Ameinunua nusu, nusu iliyobaki atamlipisha jirani.

Sasa neno la pili, «yenye kufurahisha». Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Muulize mchezaji kwa nini bunduki ndogo yampendeza. Atasema: haipigi bega, haitishi masikio kwa kishindo kikubwa, ni nyepesi, hata mtoto wake aweza kuishika. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama maana yake. Bunduki kubwa humwonya aishikaye. Humpiga bega, humziba masikio, humwambia kila mara: Mimi ni kifo, uniogope. Bunduki ndogo haisemi hivyo; yanong'ona. Hata hivyo, risasi yake ikielekezwa juu yaweza kwenda kilometa 2 hivi kabla ya kuanguka, na njiani yaweza kumwua mtu. Ikigonga jiwe au uso wa maji, huruka upande isikotazamiwa. Basi sifa zilezile zinazoifanya ipendeze ndizo zinazoondoa hofu ambayo ingemlinda mchezaji na jirani yake. Ndiyo maana twasema: kadiri bunduki ilivyo pole, ndivyo aishikaye apaswa kuwa mkali juu ya nafsi yake. Hofu ambayo chombo hakitoi, lazima itoke moyoni.

Mtu aweza kusema: Je, wahenga hawakusema, mtoto akililia wembe, mpe? Mtu hujifunza kwa kuumia. Twajibu: methali hiyo ni nzuri kwa wembe, si kwa bunduki. Wembe humkata yule aushikaye. Naye akikatwa, amejifunza. Risasi humkata mtu aliye upande wa pili, ambaye hakulilia kitu. Hakuna haki ya kujifunza kwa jeraha la mwingine. Kwa hiyo yule anayecheza na bunduki hana ruhusa ya kujifunza kwa kukosea. Yampasa ajifunze kabla.

Na mafunzo hayo si marefu. Wachezaji wenye heshima huyafundisha watoto wao kabla ya kuwapa risasi moja. Kila bunduki uihesabu kuwa ina risasi, hata ukiwa umeitoa mwenyewe sasa hivi. Usielekeze mtutu wake kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka jicho liwe juu ya shabaha. Ujue kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake. Maneno manne tu! Lakini mzaha mzaha, hutumbuka usaha: misiba mingi ya michezo hiyo huanza pale mtu mmoja alipolisahau neno moja kwa dakika moja, akicheka.

Hata hivyo iko hoja nzito zaidi, ambayo haihusu kusahau. Ni hii: Ukirahisisha njia ya bunduki kwa mchezaji, umeirahisisha pia kwa mwuaji, kwa maana duka halioni moyo. Hoja hiyo si ya kubuniwa. Ubelgiji, chini ya sheria ya mwaka 1933, mtu mzima aliweza kununua bunduki za aina nyingi za kuwindia na za mchezo kwa kuonyesha kitambulisho chake tu. Tarehe 11 Mei 2006, katika mji wa Antwerpen, kijana wa miaka 18 aliyejaa chuki ya ukabila na ya rangi alinunua bunduki asubuhi, kwa njia ya halali. Siku hiyohiyo alimjeruhi mwanamke mwenye asili ya Kituruki, kisha akamwua mwanamke kutoka Mali aliyekuwa mjamzito, pamoja na mtoto wa miaka 2 aliyekuwa akimlea. Majuma machache baadaye, tarehe 8 Juni 2006, nchi hiyo ilipata sheria mpya ya silaha. Tangu hapo mnunuzi wa bunduki za namna hiyo hudaiwa kibali kwanza.

Wachezaji wengi walinung'unika: Sisi hatukumwua mtu, mbona twasumbuliwa? Malalamiko yao yaeleweka. Lakini tuyapime. Upande mmoja pana usumbufu: karatasi, kungoja, mtihani mdogo. Upande wa pili pana uhai wa watu wawili, na wa yule aliyekuwa bado tumboni. Mtu akisema kwamba furaha yake haiwezi kungoja majuma machache, amekwisha kukiri kwamba si furaha ya mchezo tena. Mchezo waweza kungoja. Tamaa ndiyo isiyoweza.

Na hapa, wapendwa, tumefika kwenye kiini cha jawabu letu. Silaha yaweza kuwa kitu cha mchezo, lakini haiwi hivyo kwa bei yake, wala kwa udogo wake, wala kwa jina ambalo mwenye duka ameipa. Huwa kitu cha mchezo pale tu mwenyewe anapokuwa tayari kuiacha. Upinde wa yule mtu wa hadithi ulikuwa na uzi wa kulegezwa jioni. Nasi twasahau kwamba si roho peke yake ipasayo kulegezwa, bali na upinde pia. Bunduki iliyotolewa risasi, ikasafishwa, ikafungiwa kabatini, na mwenyewe akaenda kula chakula bila kuifikiri, hiyo ilikuwa ya mchezo. Bunduki ambayo mwenyewe hawezi kulala isipokuwa karibu naye, au ambayo humfanya ajione mkubwa mbele ya watu, hiyo imekwisha kuacha kuwa ya mchezo, hata kama ni ndogo kama kidole.

Basi akiwako anayetuuliza namna ya kuchagua, tutamjibu kwa maneno machache.

Achague iliyo dhaifu kuliko zote zitoshazo kwa kazi yake. Ikiwa kopo laweza kuanguka kwa upepo, baruti ya nini? Asidhani kwamba udhaifu hupunguza furaha: katika michezo ya Olimpiki, tangu Los Angeles mwaka 1984, mabingwa wa dunia hushindana kwa bunduki ya upepo umbali wa meta 10, na kitovu cha shabaha yao ni nukta ya nusu milimeta tu. Katika mashindano hayo nguvu si kitu. Utulivu ndio kila kitu.

Achague ile ambayo aweza kuilipia yote, pamoja na kufuli yake, udongo wake na saa za kujifunza.

Tena achague ile ambayo jirani yake aweza kuivumilia. Mchezo wa mmoja usiwe hofu ya wengine. Pahali ambapo watu wamelia kwa sababu ya bunduki, hata mlio mdogo wafungua kidonda. Huko mtu mwema atatafuta mchezo mwingine, wala hatajiona amenyimwa kitu. Mikono yetu yajua michezo mingi, na jiwe moja na embe bivu vyatosha kumfundisha mtoto kulenga.