Tafakuri ya Siku ya 12: Pikipiki ya Theluji na Yule Jamaa wa Kazini



Leo zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Mnanijua, mimi si sheikh, ni yule anayesukuma theluji mlangoni kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo sitoi darsa. Nina swali moja tu limenikaa kooni tangu Januari: mtu akimwambia mkewe uongo ili aje kumfurahisha, je, huo ni uongo?

Najua wengi mmeshajibu. Mimi pia nilikuwa na jibu langu. Subirini kisa chenyewe.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa baridi, tulipeleka watoto Ziwa Mille Lacs waone magari yakipita juu ya maji yaliyoganda. Ukiwa umekulia Mombasa, ukaona gari linakwenda juu ya ziwa, unasema subhanallah hata kama umeishi Minnesota miaka kumi. Tumesimama pale wakapita wazee wawili, babu na bibi wa Kizungu, juu ya pikipiki ya theluji, bibi amemshika babu kiuno. Mke wangu akacheka, akasema, "Siku moja na mimi nitapita hapo vile vile." Nikaliweka neno hilo moyoni.

Oktoba iliyopita nikaona moja inauzwa, Polaris ya mwaka 1997, dola 700. Hapa mashine kuukuu hazikosekani, maana Polaris yenyewe ilianzia Roseau, kaskazini kabisa mwa jimbo letu, miaka ya 1950. Kwa ambao hamjaikaribia: ina skii mbili mbele za kuongozea, mkanda mpana wa mpira chini unaozunguka kama minyororo ya kifaru, na injini ndogo ya ile aina inayochoma oili pamoja na petroli, kama pikipiki za zamani kwetu. Nikiunusa moshi wake narudi Kongowea. Muuzaji akanihakikishia kwamba msimu uliopita ilikuwa ikiwaka vizuri, imekaa tu.

Nikaifikisha gerejini kwangu, nikavuta kamba, nikavuta, wapi! Nikafunga geji ya kupima mgandamizo. Silinda moja ikasoma 120, ya pili 70. Nilipoifungua nikakuta pistoni imekwaruzika upande mzima, ringi zimekwama. Sababu ilikuwa kwenye kabureta: petroli ya zamani imekauka ikawa kama gundi, imeziba tundu dogo la kupitishia mafuta. Na hili nataka mlijue, hata kama hamtashika spana maishani. Mafuta yakipungua na hewa ikazidi, injini haizimiki mara moja. Inakwenda, tena inalia kwa kasi zaidi, huku joto linapanda ndani, mpaka pistoni inatanuka na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Aliyekaa juu yake anaona mambo ni mazuri.

Siku ya pili tu mke wangu akafungua mlango wa gereji. "Hii ya nani?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, "Ya jamaa mmoja wa kazini. Namtengenezea."

Lilitoka jepesi kama chafya. Na likanifaa kweli, maana niliweza kufanya kazi mchana kweupe, na yeye ananiletea chai. Lakini yeye si mtu wa kuacha jambo nusu. "Anakulipa kiasi gani?" Nikasema tutaelewana, kama mia sita hivi. Nilidhani nimefunga mlango, kumbe ndio nimeufungua, kwa sababu hesabu za nyumba yetu anazipanga yeye, na zile dola 600 za yule jamaa zikaingia kwenye hesabu.

Desemba bili ya gesi ya kupasha nyumba joto ikaja kubwa. Akauliza kama jamaa ameshalipa. Nikasema bado. Basi akachukua zamu mbili za ziada za usiku kule nyumba ya wazee anakofanya kazi. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimelipia pistoni mbili, ringi, gasketi na fundi wa kuchonga silinda, jumla dola 380, kutoka kwenye hela za ovataimu ambazo sikumwambia nimezipata. Asubuhi alirudi macho mekundu, akapita gerejini na koti lake, akasema, "Baba watoto, huyo jamaa yako mbona anapenda kazi za watu lakini hapendi kulipa?" Nikacheka. Wallahi nilicheka.

Siku nyingine alikuja akakaa juu yake, akakipiga kiti kwa kiganja. "Huyu hana mke? Kiti cha mtu mmoja." Nikamjibu kitu kuhusu shokapu.

Mwisho wa Januari ikawaka. Nilikuwa nimebadilisha beringi za magurudumu madogo ya ndani, nimefunga belti mpya ya klachi, nimepiga msasa boneti na kuipaka rangi ya buluu anayoipenda. Nikamfunga macho kwa mtandio wake, nikamleta gerejini. "Ni yako."

Alizunguka mara moja, akagusa kiti, akanyamaza. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo zile mia sita hazipo?"

Ndugu zangu, nilikasirika. Miezi mitatu vidole vimepasuka kwa baridi, na mtu anakuuliza mia sita! Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ananiuliza kuhusu usiku wake wawili.

Sasa nirudi kwenye swali. Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa nia. Nia yangu ilikuwa njema, na sote tunajua uzito wa nia katika dini yetu. Lakini nikiitazama vizuri, nia inaeleza kwa nini nilimpa zawadi. Haielezi kwa nini yeye aigharamie bila kujua. Mtu anaweza kuwa na nia safi na bado mkono wake umo mfukoni mwa mwenzake.

Utetezi wa pili wengi wenu mtakuwa mmeushika tayari: si imepokelewa rukhsa ya maneno baina ya mume na mke, pamoja na vita na kupatanisha watu? Imepokelewa, na mimi niliifurahia rukhsa hiyo kama mtu aliyepata punguzo la bei dukani. Nikamwuliza sheikh wetu. Akanieleza alivyoisherehesha Imam an-Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim: kinachokusudiwa ni kuonyeshana mapenzi, ahadi za kubembelezana na mfano wa hayo. Ama hadaa ya kumnyima mwenzako haki yake, au kuchukua kisicho chako, hiyo ni haramu kwa makubaliano ya wanavyuoni. Kumwambia mkeo pilau yake inashinda ya mama yako ni jambo moja. Kumwambia kuna dola 600 zinakuja, akapanga maisha juu yake, ni jambo jingine.

Ndugu mmoja hapa msikitini aliniambia nazidisha. Kwake, mume akimfanyia mkewe jambo kubwa hivyo mengine ni ya kusameheana, na mwanamke anayeuliza hesabu siku ya zawadi hana shukrani. Kusameheana sawa, tumesameheana. Lakini ili nisamehewe lazima kwanza kuwe na kosa, na huyo ndugu yangu anataka nisamehewe huku akisema kosa halikuwepo.

Kuna jambo linanichekesha na kuniumiza pamoja. Novemba nzima nilikuwa nikimsema yule muuzaji kwa kila aliyekuja gerejini. Nilikuwa nawakumbusha kisa cha Mtume s.a.w. sokoni, alipotia mkono kwenye rundo la chakula akakuta chini kumelowa, na akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione. Nilikisimulia vizuri sana kisa hicho, huku nimeshika spana, mke wangu amesimama pale na kikombe cha chai. Juu pakavu, chini pamelowa. Sikujiona.

Mtaniambia tofauti ipo, muuzaji alitaka faida yake na mimi nilitaka furaha ya mke wangu. Ipo, siikatai. Ila ni ndogo kuliko nilivyodhani, kwa sababu nikiwa mkweli nilikuwa nafurahi mwenyewe. Nilipenda kuwa mle ndani na redio. Nilipenda ile picha niliyojichorea ya siku ya kumfungua macho, na katika picha hiyo aliyesimama katikati nilikuwa mimi.

Sisemi kila siri ni uongo. Sadaka bora tumefundishwa kuificha hata mkono wa kushoto usijue. Lakini pale unawaficha watu wasikusifu, humfichi anayelipa. Na kwa zawadi ya kushtukiza njia ilikuwepo, nyembamba lakini ipo: kunyamaza. Alipouliza "Hii ya nani?" ningejibu "Usiniulize mpaka Februari." Angenitania, angekisia, labda angejua. Mshangao ungepungua. Lakini hela za ovataimu angezijua, na kitandani mwake angelala.

Na kuhusu kiti angenieleza. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Baadaye nilisoma habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, aliyeunda chombo chake cha kwanza cha theluji mwaka 1922 akiwa na miaka 15. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo, barabara zimezibwa na theluji, hospitali haifikiki. Kufikia 1937 alikuwa akitengeneza gari la theluji aliloliita B7, na ile 7 ilikuwa idadi ya watu linaowabeba. Ile ndogo ya Ski-Doo ilikuja baadaye, 1959. Nilisoma hayo usiku mmoja nikakumbuka Mille Lacs. Mke wangu alisema atapita "vile vile." Alikuwa anamtazama bibi aliyemshika mumewe kiuno. Mimi nilisikia pikipiki, sikusikia kiuno. Na kitabu cha mashine yangu kinasema mtu mmoja, basi.

Wiki iliyofuata nilimpa daftari la matumizi yote, kuanzia ile 700 mpaka kopo la mwisho la rangi: dola 1,610. Aliipitia mstari kwa mstari kwa kalamu. Zile zamu mbili sikuwa na cha kuzirudishia, usiku haurudi. Nikashawishika kumwambia tuiuze tununue ya watu wawili, nikajizuia. Zawadi ikishapokelewa ina mwenyewe, na tumeonywa vikali juu ya kurejea katika tulichotoa. Akitaka kuiuza ataiuza yeye, na mnunuzi ataambiwa silinda ipi ilichongwa.

Kwa sasa amejiandikisha kwenye mafunzo ya usalama, maana hapa jimboni aliyezaliwa baada ya mwaka 1976 haruhusiwi kuiendesha bila cheti, jambo ambalo mimi niliyeificha miezi mitatu sikulifikiria hata siku moja. Njia za theluji zinafungwa mwanzoni mwa Aprili, Idi ikishapita kidogo, kwa hiyo huenda mwaka huu asiipande kabisa. Hana haraka. Jana baada ya futari aliniuliza kama skii za mbele zinahitaji grisi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza ni kweli au ni ya yule jamaa.

Nimemsomea haya yote kabla ya kuyatuma, na ameruhusu. Amefuta sentensi mbili. Moja ilikuwa ya kumsifu, nyingine ilikuwa ya kujisifu mimi.

Futari ya leo msikitini ni zamu ya kina baba, magharibi inaingia saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Anayeleta sambusa tafadhali aniambie idadi ya kweli.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.